Kuchora Picha za Laka Juu ya Kalamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliye Nairobi anayetaka kuchora picha ndogo kwa brashi juu ya kalamu ya wino, kisha aifunike kwa laka idumu miaka bila kubanduka. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la muda wa kusubiri kati ya tabaka na tabaka. Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia hapo, wala si kwenye uchoraji.

Laka hii ni ipi, na ina tofauti gani na vanishi ya seremala?

Picha za laka zinazochorwa kwa mkono zina mila mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Japani. Huko hutumika urushi, utomvu wa mti ambao jina lake la kisayansi ni Toxicodendron vernicifluum. Mchoraji huchora kwa utomvu huo, na kabla haujakauka hunyunyiza juu yake unga wa dhahabu au fedha. Kazi hiyo huitwa maki-e. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1918 na Ryosuke Namiki na Masao Wada, ambayo leo ni Pilot, ndiyo iliyoifanya ijulikane sana kwenye kalamu za wino, na kuanzia 1930 iliziuza Ulaya kwa kushirikiana na kampuni ya Uingereza ya Dunhill.

Mila ya pili ni ya Urusi, katika vijiji vya Fedoskino, Palekh, Mstera na Kholuy. Fedoskino huchora kwa rangi za mafuta. Vile vingine vitatu hukoroga rangi zao na kiini cha yai. Picha ikikauka hufunikwa kwa matabaka ya vanishi angavu na kung'arishwa.

Vanishi ya seremala hufaa kwa kiti au meza. Kwenye kalamu inayoshikwa kutwa nzima na kusuguana na funguo mfukoni, nyingi kati ya hizo ni laini mno.

Njia tunayoieleza zaidi hapa ni uchoraji wa Kirusi juu ya weusi, kwa rangi za akriliki, na juu yake klia ya magari yenye sehemu mbili, yaani klia (vanishi angavu) na hadina yake (kemikali ya kuigandisha). Vifaa vyake vyote vinapatikana mjini. Urushi tunaijibu mbele kidogo.

Ni kalamu gani inafaa kuanza nayo?

Iwe na mwili mnene, laini, usio na mabonde, na iweze kufunguliwa vipande vyote. Ebonaiti ndiyo bora: ni mpira uliopikwa na salfa nyingi, haulainiki ovyo kwa thina na hushika rangi vizuri ukishasuguliwa. Shaba ya manjano nayo ni nzuri, lakini inahitaji praima ya chuma kabla ya kitu kingine chochote.

Mbao hukubali, ila mpingo una mafuta yake ya asili. Upanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, maana mafuta hurudi juu ukiuacha hadi kesho. Na kusema kweli, mpingo uliokerezwa vizuri hauhitaji picha.

Biki ya kawaida usiihangaikie. Mwili wake angavu ni polistaireni, ambayo huyeyuka kwa thina, na kifuniko chake ni polipropilini, ambayo haishiki rangi. Kalamu za akriliki ziko katikati: hupakika, lakini thina kali huzitia nyufa ndogondogo zinazoonekana baada ya siku kadhaa. Jaribu kwanza ndani ya kifuniko, mahali pasipoonekana.

Vifaa nitavipata wapi?

Klia, hadina, thina, praima, kompaundi ya kung'arishia na misasa ya maji (namba 400 hadi 2000) ziko kwenye maduka ya rangi za magari. Kirinyaga Road na Industrial Area hutakosa. Waombe wakupimie kiasi kidogo, kwa kuwa maduka mengi huchanganya na kuuza rangi kwa vipimo. Brashi nunua kwenye duka la vifaa vya sanaa: namba 0 kwa kujaza, 000 kwa mistari. Brashi moja nzuri ya 000 yenye ncha inayorudi sawa baada ya kulowa ina faida kuliko pakiti ya kumi.

Unahitaji pia kalipa ya kupimia, lenzi ya kukuza mara 10 kama ya fundi wa saa, na sindano za mililita 5 zisizo na ncha kutoka duka la dawa. Na uwe na mota ya kuzungushia sinia la maikrowevu, ambayo mafundi wa vifaa vya umeme huichomoa kwenye mashine zilizokufa. Huzunguka takriban mara 5 au 6 kwa dakika, mwendo unaofaa kabisa kuzuia klia isitiririke upande mmoja. Soma volti iliyoandikwa mgongoni mwake kabla ya kuiunga. Si zote ni za umeme wa nyumbani.

Kalamu huandaliwaje kabla ya kuchora?

Ifungue yote: ncha, kifyonza wino, kibanio. Osha mwili na kifuniko kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kausha, panguza kwa spiriti, na kuanzia hapo usiishike kwa vidole vitupu. Alama ya kidole isiyoonekana leo ndiyo itakayokuwa kovu mwezi ujao, kwa kuwa rangi haishiki juu ya mafuta.

Sugua kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600 hadi mng'ao wote uondoke sawasawa. Sehemu inayong'aa bado ni sehemu ambayo rangi haitashika. Funika hesi (mifereji ya kukazia kifuniko) na mdomo wa ndani wa kifuniko kwa tepu ya karatasi, kisha chomeka mwili kwenye kijiti kilichozungushiwa tepu hadi kikaze.

Praima huwekwa matabaka mawili membamba. Halafu weusi, matabaka mawili au matatu. Rangi nyeusi ya magari iliyochanganywa na hadina ndiyo tunayoipendekeza, sababu haitayeyuka utakapoweka klia juu. Ikikauka kabisa, isugue kwa 1000 hadi iwe kama haina uhai, nyeusi iliyofifia. Brashi hushika vizuri juu ya uso wa namna hiyo.

Mchoro wa karatasi nauhamishaje kwenye kitu cha mviringo?

Pima kipenyo kwa kalipa na uzidishe kwa 3.14. Kalamu ya milimita 12.5 ina mzunguko wa takriban milimita 39, na hapo ndipo wengi wanashangaa: mtu akiitazama kalamu kutoka mbele, anachokiona bila kupinda ni kama theluthi moja tu, milimita 13 hivi. Uso wa mtu au kichwa cha ndege kiwe ndani ya hizo 13. Matawi, maji, nyasi na mawingu ndiyo yazunguke nyuma.

Chora kwenye karatasi angavu ya kunakilia yenye ukubwa huo. Paka chaki nyeupe mgongoni mwa karatasi, izungushie kalamu, ibane kwa tepu, na upitishe penseli ngumu juu ya mistari mikuu pekee. Kumbuka kuendeleza mchoro upite mpaka kati ya mwili na kifuniko kama unataka picha moja ndefu. Funga kifuniko kwanza na uweke alama ndogo kinapokomea. Kifuniko cha hesi zenye vianzio vitatu au vinne, yaani mahali patatu au panne pa kuanzia kuzungusha, kinaweza kukomea mahali tofauti kila unapokifunga, na picha itakatika. Kalamu za namna hiyo zipe picha mbili zinazojitegemea.

Mbona rangi zangu zinapotea juu ya weusi?

Kwa sababu rangi nyingi hupitisha mwanga, na chini yake kuna giza. Wachoraji wa Palekh wana jibu lake: kwanza huchora umbo kwa nyeupe, halafu ndipo rangi huja juu yake. Nyeupe yenyewe isiwe ya kiwango kimoja. Mahali pa mwanga iweke nzito, penye kivuli iwe nyembamba hadi weusi uonekane kupitia. Ukifanya hivyo, nusu ya kazi ya vivuli imekwisha kabla hujagusa rangi.

Chukua mjakaranda uliochanua, picha inayopendwa sana hapa mjini. Zambarau ikipakwa moja kwa moja juu ya nyeusi huonekana kama doa la wino. Weka nukta za nyeupe kwa kila kishada, nzito juu na hafifu chini, ziache zikauke, kisha pitisha zambarau iliyozimuliwa sana mara mbili au tatu. Mwisho rudisha nukta chache za nyeupe yenye zambarau kidogo upande jua linakotoka. Shina na matawi yaache yawe weusi wa kalamu yenyewe.

Zimua akriliki kwa maji kidogo na midiumu yake (gundi angavu ya akriliki), isizimuliwe kwa maji matupu, maana rangi iliyokosa gundi hubanduka chini ya klia. Kila tabaka liwe jembamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha baada ya kukauka husikii ukingo. Ukiusikia, klia itauonyesha pia.

Dhahabu huwekwaje?

Njia rahisi ni rangi ya akriliki yenye chembe za maika, madini yanayometameta. Inang'aa, lakini si sana. Njia ya Palekh ni karatasi ya dhahabu halisi iliyosagwa kwa kidole pamoja na gundi ya akeshia hadi iwe kama rangi ya maji, ikachorwa kwa brashi nyembamba kuliko zote, kisha ikasuguliwa ing'ae. Gundi hiyo hutoka kwenye migunga ya nchi kavu, na kaskazini mwa Kenya inavunwa. Wachoraji wa Palekh husugulia kwa jino la mbwa mwitu. Jiwe laini la akiki hufanya kazi hiyohiyo.

Dhahabu ije mwisho, baada ya rangi zote. Usiiguse kwa maji tena, gundi itayeyuka.

Klia niichanganye kiasi gani, na niiwekeje?

Fuata kibandiko cha kopo, kwa kuwa uwiano hutofautiana: nyingine ni 2 kwa 1, nyingine 4 kwa 1. Kwa ile ya 2 kwa 1, mililita 4 za klia na 2 za hadina, na thina kidogo kama kibandiko kinaruhusu, zinatosha kalamu mbili. Pima kwa sindano tofauti kwa kila chupa. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta klia inayonata wiki nzima: hadina ikipungua haikauki, ikizidi huwa ngumu na kupasuka.

Matabaka mawili ya kwanza yapulizwe kama umande tu, yasilowe. Thina iliyo ndani ya klia huweza kulainisha akriliki, na ukianza na tabaka zito utaona mistari yako ikitambaa mbele ya macho yako. Ukishauziba uso kwa umande huo, weka matatu au manne yenye kulowa vizuri huku mota ikizungusha kalamu. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kuipaka klia hii kwa brashi juu ya picha.

Hadina ya klia nyingi za magari ina isosayanati, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya hospitali au kitambaa havisaidii kitu. Usipulize jikoni, chumbani wala kwenye veranda ya ploti ambako watoto wanapita. Suluhisho la busara ni kukusanya kalamu tatu au nne na kuzipeleka kwa fundi wa rangi za magari mwenye chumba cha kupulizia na kinga kamili ya kupumua, azipulize mwishoni mwa kazi yake. Mweleze habari ya umande, mara mbili kama inabidi. Amezoea kulowesha milango ya magari.

Kati ya tabaka na tabaka nisubiri muda gani?

Kukauka kwa kugusa si kukauka. Juu hufunga mapema, na thina iliyobaki chini hutafuta njia ya kutoka kwa siku kadhaa. Ukiweka tabaka jingine zito juu yake, itatoka kwa nguvu: viputo, mikunjo, au picha iliyokuwa laini ikazama na kuonyesha mikwaruzo ya msasa.

Praima iache siku 1. Weusi, siku 2 kabla ya kusugua, na siku 3 au zaidi kabla ya kuchora. Picha ya akriliki iliyokamilika ikae siku 3. Ya mafuta ni wiki kadhaa, na ndiyo sababu hatuipendekezi kwa anayeanza. Matabaka ya klia yanayopulizwa mfululizo hufuatana kwa dakika 10 hadi 15 kila moja, au kama kopo linavyosema, lakini ukishasimama na kuamua kusugua, ngoja angalau siku 2. Kung'arisha kwa mwisho kusifanywe kabla ya siku 7.

Muda huu ni wa siku za kawaida. Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, ongeza nusu yake. Kipimo kizuri kuliko kalenda ni pua: kama kalamu bado inanukia thina ukiiweka karibu, haijawa tayari.

Nimepata kasoro. Nini kimetokea?

*Ukungu mweupe ndani ya klia.* Ulipuliza hewa ikiwa na unyevu. Asubuhi za Julai na siku za mvua ya Aprili ndizo mbaya. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

*Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa.* Klia ilikuwa nzito au ilipulizwa kutoka mbali ikaanza kukauka hewani. Sugua kwa 1500 kisha 2000, halafu kompaundi. Huondoka.

*Vishimo vidogo vya duara ambamo rangi imekimbia.* Ni mafuta au silikoni. Mara nyingi hutoka kwenye losheni ya mikono au dawa ya kung'arisha dashibodi. Hakuna ujanja: ngoja ikauke, sugua hadi kishimo kiishe, safisha, rudia.

*Chembe za vumbi.* Januari na Februari haziepukiki kabisa. Mwagia sakafu maji kabla ya kazi, vaa nguo isiyo ya sufi, na funika kalamu kwa ndoo safi iliyogeuzwa mara tu klia inapoacha kutiririka.

*Picha imebanduka vipande vizima.* Kosa liko chini, kwenye msasa au usafi. Anza upya.

Kifuniko hakiingii tena. Nifanyeje?

Tabaka moja la klia hii likikauka huwa na unene wa takriban maikroni 25 hadi 30. Matabaka matano yanaongeza kipenyo kwa milimita 0.25 hadi 0.3, na hapo hujahesabu praima na weusi. Ndiyo maana kalipa inahitajika mwanzoni: pima nafasi kati ya mwili na mdomo wa kifuniko, na kama ni ndogo, punguza mwili kwa msasa kabla ya kuanza. Ikishatokea, sugua ukingo tu kwa 1000, polepole, ukijaribu kila mara. Usilazimishe kuzungusha, klia itapasuka kwenye hesi.

Naweza kutumia rangi ya kucha?

Rangi ya kucha ya kawaida ni laka ya nitroselulosi, ina mng'ao mzuri lakini hulainisha akriliki na huvunjika upesi. Jeli ya saluni inayokaushwa kwa taa ni bora zaidi kwa koti la juu: pakaa nyembamba, zungusha kalamu chini ya taa pande zote, kisha futa utando unaonata kwa spiriti. Vaa glavu, jeli mbichi huleta mzio wa ngozi.

Urushi ya kweli inawezekana Nairobi?

Inawezekana, na kama una subira tunakutia moyo. Huagizwa katika tyubu ndogo kutoka Japani. Tofauti yake kubwa ni kwamba haikauki kwa kupoteza kimiminika. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa lakasi, ambacho huchukua oksijeni na kuigandisha urushi, na kimeng'enya hicho hufanya kazi hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70 hadi 80 na joto la nyuzi 20 hadi 25. Ukiianika juani au karibu na jiko utangoja bure.

Tengeneza sanduku la mbao au tumia lile la kuhifadhia barafu, weka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa chini, na kipimo cha unyevu ndani. Wauzaji wa mashine za kuangulia vifaranga wanavyo vipimo hivyo pamoja na thamostati, na balbu ndogo ya joto itakusaidia usiku wa Julai. Unyevu ukipita 85 urushi hujikunja juu na kuwa nyeusi mno. Tabaka jembamba hufunga kwa siku 1 hivi, lakini ugumu kamili huchukua miezi.

Ni kweli kwamba inawasha?

Ndiyo, na hili lichukulie kwa uzito. Urushi mbichi ina urushioli, ambayo huvimbisha ngozi na kuleta malengelenge, kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Watu wa Pwani wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda lake yanavyochoma vidole; mtu ambaye maganda ya embe humtoa upele midomoni ajihadhari zaidi ya wengine. Vaa glavu za nitrili na mikono mirefu. Ikikugusa, futa mara moja kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Uso ukivimba, nenda hospitali. Ikishakauka kabisa, kwa kawaida haimdhuru mtumiaji.

Nyeupe hupatikanaje kwa urushi?

Urushi yenyewe ni ya kahawia, kwa hiyo rangi yoyote nyeupe huishia kuwa kama maziwa yaliyotiwa chai. Wajapani hutumia ganda la yai. La kware ni jembamba na hukubali mviringo wa kalamu. Ondoa utando wote wa ndani, livunje vipande vidogo na uvibandike kimoja kimoja kwa sindano. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiviguse, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Nitajuaje kama picha kwenye kalamu ninayouziwa imechorwa kwa mkono?

Itazame kwa lenzi ya mara 10. Picha ya kuchapwa huwa na nukta zilizopangwa sawa, au kingo zilizo sawa kabisa kila mahali. Mstari wa brashi huanza mwembamba, hunenepa, hukonda tena. Kwa maki-e, unga wa dhahabu huonekana chembe chembe. Kalamu nyingi za bei nafuu zenye mandhari ya Japani ni za kuchapwa, na hakuna ubaya muuzaji akisema hivyo.

Kalamu iliyokamilika itunzweje?

Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, hasa ya urushi, kwani jua huifubaza. Usichomeke kifuniko nyuma ya mwili unapoandika, kitakwangua klia. Sanitaiza ikauke mikononi kwanza, alikoholi yake hulainisha klia zisizo na hadina.

Kipande kimedondoka. Kinarekebishika?

Kikiwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, ndiyo. Sugua kingo kwa 2000 zisiwe kali, rudisha weusi kwa ncha ya brashi, subiri, chora, subiri, kisha dondoshea klia iliyochanganywa kidogo kidogo kwa kijiti cha meno hadi ipande juu kidogo ya uso, ukianza na tone dogo sana lisije likasogeza rangi mpya. Baada ya siku 7 isawazishe kwa msasa uliozungushiwa kipande cha kifutio kigumu, halafu kompaundi. Mpasuko unaoanzia kwenye hesi ni jambo jingine: hapo mwili wenyewe unapinda kila kifuniko kinapokazwa, na klia mpya itapasuka palepale. Ondoa yote hadi kwenye mwili, rekebisha hesi kwanza.